Neva ya Saba na Mluzi wa Mama

Alhamisi jioni, Kindu. Joto halipungui. Mawingu yamekaa juu ya mto Lualaba tangu asubuhi kama wageni wasiotaka kusema kilichowaleta, na mimi leo sina subira na wageni.

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu utoto. Mluzi wa mama yangu. Milio miwili tu, mfupi kisha mrefu, halafu kimya.

Ilikuwa miaka ya vita. Tulikuwa tumekimbia kutoka mtaa wetu wa Alunguli na kuingia msituni, upande wa barabara ya Kampene, pamoja na majirani wachache. Msituni hatukuita majina. Hatukutwanga sombe, majani ya mihogo, kwa sababu mchi husikika mbali. Hatukuwasha moto mchana. Mtoto akilia alizibwa mdomo. Sasa mwanamke mwenye watoto wawili wanaopotelea vichakani kila mara atawaitaje? Mama alipiga mluzi. Asiyejua angesema ni ndege. Mimi na mdogo wangu Ramazani tulijua maana yake: popote ulipo, acha ulichoshika, rudi, sasa ni salama.

Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Ni kukosa adabu, na wapo wanaosema unaita nyoka, au unaita upepo mbaya nyumbani. Wanawake waliokuwa nasi msituni walipiga mluzi pia, wote, nawakumbuka. Vita vilipoisha waliyaacha ya msituni msituni. Mama akarudi Alunguli na mluzi wake. Alituita kula kwa mluzi. Alituita kutoka mtoni kwa mluzi, mbele ya wenzangu wa sekondari, na mimi nikatamani maji yanimeze. Majirani walicheka, kisha wakazoea.

Ukoo wa baba haukuzoea.

Jumatatu Mama aliamka na uso wake umeanguka upande wa kulia.

Mdogo wangu Rama ndiye aliyenipigia simu. Anaendesha pikipiki ya abiria, na kwa kawaida hawezi kumaliza sentensi bila kunitania mimi, dada yake mkubwa. Safari hii alisema tu, "Yaya, kuja mbio. Uso ya Mama imeanguka." Mimi niko mwaka wa mwisho wa udaktari na nafanya staji, yaani mafunzo ya vitendo, hospitalini, ng'ambo ya pili ya mto. Nilivua koti jeupe nikakimbia bandarini. Kwenye mtumbwi nilikaa nimeshika ubao kwa mikono miwili, nikipanga kichwani sehemu zote za ubongo zinazoweza kuwa zimekosa damu. Ndiyo faida ya kusoma. Wengine wanaogopa tu. Sisi tunaogopa kwa ramani.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, kitenge amekivuta mpaka puani. Nilikishusha. Mdomo ulikuwa umevutwa kushoto. Shavu la kulia lilining'inia. Jicho la kulia lilikuwa wazi, na alipojaribu kulifumba, mboni ilipanda juu na weupe ukabaki nje.

Nikamwambia apandishe nyusi.

Ya kushoto ikapanda. Ya kulia ikabaki pale pale, na paji la uso upande ule likawa laini kama la mtoto mchanga.

Nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilifurahi mbele ya watu, mama yangu uso umeanguka, na Shangazi, dada ya marehemu baba, akaniangalia kama kichaa. Lakini paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Mtu akipata kiharusi upande mmoja, upande wa pili bado unalihudumia paji, kwa hiyo mdomo unaanguka lakini paji linakunjika. Paji la Mama lilikataa pamoja na mdomo. Maana yake ubongo wake ni mzima. Kilichoshindwa ni neva, baada ya kutoka kwenye ubongo.

Neva ya saba. Jozi kumi na mbili za neva hutoka ubongoni moja kwa moja bila kupitia uti wa mgongo, na nilizikariri zote mwaka wa pili kwenye ubongo wa plastiki ambao ubongo wake mdogo, ule wa nyuma unaolinda usawa wa mwili, ulikuwa umepotea. Mwalimu alituonyesha nafasi iliyo tupu na kusema, "Hapa ungekuwepo." Ya kwanza ni ya harufu. Ya pili, kuona. Ya tatu, ya nne na ya sita zinazungusha jicho. Ya tano inahisi uso na kutafuna. Ya nane inasikia. Na ya saba ndiyo inayotabasamu, inayokunja paji, inayofumba jicho, inayoonja kwa sehemu ya mbele ya ulimi.

Ndiyo pia inayobana midomo ili mtu apige mluzi.

Kila kitu kililingana, na mimi nilikuwa nahesabu dalili kama mtu anayepokea zawadi. Nilimgusa shavu: anahisi, kwa sababu ya tano ni nzima. Alisema pikipiki za njiani zinampiga sikio la kulia kama nyundo: ya saba ndiyo huvuta msuli mdogo sana ndani ya sikio unaopunguza kelele, na sasa haukuwa na wa kuuvuta. Alisema sombe ya asubuhi haikuwa na ladha. Shangazi, aliyeipika, akasema chumvi aliweka kwa mkono wake mwenyewe na asisingiziwe na mgonjwa.

"Tunavuka sasa," nikasema. "Daktari amwone leo."

Hapo ndipo nilipoanza kuchoka, na sijapumzika hadi sasa.

Baba Mukubwa alikuwa amekwisha kufika. Ni kaka mkubwa wa baba yangu, alifanya kazi relini mpaka uzee ukamtoa, na katika ukoo wetu hakuna linaloamuliwa bila yeye kukohoa kwanza. Akakohoa. Akasema mtu aliyepigwa na upepo havuki maji, kwa sababu upepo utavuka naye. Akasema ukoo ukutane Ijumaa baada ya sala, Mama alete kuku mweupe, aseme mbele ya wote kwamba ameacha mluzi, na aombe msamaha. Baada ya hapo tunaweza kumpeleka tunakotaka.

"Mudomo ule njo ulikuwa unapiga mluzi," akasema, bila hasira hata kidogo. "Na njo ule umepindwa. Weye umesoma. Hauone?"

Ijumaa! Kuna vidonge vya kupunguza uvimbe wa neva, na vinasaidia zaidi vikianza mapema. Na lile jicho lisilofumba linakauka, linaingia vumbi, linachubuka. Neva inaweza kupona yenyewe polepole. Jicho likioza halirudi.

Nikajaribu kueleza. Nikajiambia: mzee wa reli, mwambie kwa reli.

"Baba Mukubwa, chukulia ubongo ni stesheni. Stesheni ni nzima, mkuu wa stesheni yuko kazini, anatoa amri. Misuli ya uso ni kijiji kinachongoja treni, nacho ni kizima. Katikati kuna reli moja, na inapita ndani ya tundu jembamba la mfupa nyuma ya sikio. Imevimba mle ndani. Treni haipiti. Ni hivyo tu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa. Nilidhani nimeshinda.

"Umesema muzuri, mama," akanijibu. "Lakini miye nimefanya reli. Treni isipofika Kindu, hatuseme tu reli imekwama. Tunauliza: nani alifanya nini ku reli?"

Mkeka mzima ukacheka. Hata Rama alicheka, yule msaliti.

Mama peke yake hakucheka. Nilidhani ni kwa sababu mdomo wake haukuweza.

Nilikuwa mjinga mpaka Jumanne. Niliona ushirikina, nikaona wazee, nikaona kuku. Nilivuka kwenda hospitalini nikarudi na dawa ya kupaka jichoni, maana vidonge daktari alikataa kunipa mkononi: alitaka kumwona mgonjwa kwanza, ampime sukari na presha. Mama akakubali nimpake. Nilipogeuka, Shangazi akamfuta na kumtilia maji ya majani aliyoyasaga, ili jicho "liamke". Nikapiga kelele. Shangazi akasema msomi gani huyu anayempigia kelele dada ya baba yake. Akatoka nje akiniombea kwa Mungu kwa sauti ya kusikika na jirani.

Tulipobaki wawili nikamuuliza Mama: msamaha wa nini hasa? Kwani ulimkosea nani kwa kupiga mluzi?

Akaniangalia kwa lile jicho lililokuwa jekundu kama pilipili.

"Ya baba yako," akasema.

Nilikuwa nalijua jambo hili bila kutaka kulijua. Asubuhi moja kule msituni Mama alituita kwa mluzi tuje tule mihogo iliyochomwa usiku. Tulikuja. Na watu wenye bunduki nao walikuja. Baba alitoka mikono juu, akaenda kwao mwenyewe ili wasifike tulipojificha sisi, wakamtwika mizigo, wakaondoka naye. Hakurudi. Baba Mukubwa, aliyekuwa amejificha kwingine, alifika baadaye na kusikia kisa, na inasemekana alisema neno moja tu: "Mluzi." Hajawahi kulirudia mbele yetu. Hakuwa na haja. Lilikaa katika ukoo kama harufu.

Kwa hiyo kuku mweupe hakuwa wa upepo. Mama alikuwa anaitwa akiri, mbele ya ukoo mzima, kwamba alimuua mume wake. Na uso wake ulioanguka umekuwa shahidi wao.

"Na weye unaamini?" nikamuuliza. 

"Sijui. Miaka yote nilikuwa ninasema hapana. Sasa angalia mudomo." Akavuta kitenge juu ya uso. "Kama njo mluzi wangu ulileta wale watu, mwanangu, basi jicho moja si kitu. Wacha liende."

Wacha liende.

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia mama yangu dakika ile. Nilimfundisha neva tena, harakaharaka, kama nabishana na mtihani. Nilichora sikio kwa mkaa kwenye mlango wa jiko. Nilimwambia ugonjwa huu unawapata watu ambao hawajawahi kupiga mluzi hata siku moja, unampata imamu, unampata padri, unampata mtoto. Nilimwambia neva ya saba haijui alichofanya mtu vitani. Alinisikiliza kwa upole ule unaoniua, wa mzazi anayefurahi kwamba ada za shule hazikupotea. Kisha akauliza kama nimekula.

Nikajikasirikia na mimi. Nilikuwepo asubuhi ile. Mimi ndiye shahidi. Watu wale walikuwa wamekwisha kuwa njiani, wanakuja wenyewe, au waligeuza njia baada ya kusikia? Najua kumbukumbu inapohifadhiwa. Kuna sehemu ndogo iliyojikunja ndani kabisa ya ubongo, usawa wa sikio, kulia moja na kushoto moja. Naweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Lakini nikiingia mle kutafuta asubuhi ile, nakuta mluzi, nakuta majani yananipiga usoni ninapokimbia, nakuta kiganja cha Mama juu ya mdomo wangu kikinuka majivu ya mihogo. Buti sizioni. Baba simwoni hata mgongo. Nimeupasua ubongo wa mwanadamu kwa kisu, nikautaja kila mkunjo, na wangu mwenyewe haunipi dakika moja ninayoihitaji.

Inachosha. Inachosha sana.

Jana jicho lilianza kutoa uchafu. Nilimwomba Baba Mukubwa, safari hii kwa magoti, atuachie tuvuke. Akaniinua kwa mkono, akaniambia Ijumaa si mbali. Naamini anampenda Mama kwa namna yake. Baba alipopotea yeye ndiye aliyetujengea nyumba. Hicho ndicho kinachonimaliza: hakuna mbaya wa kumtukana hapa. Kuna mzee aliyempoteza mdogo wake na bado anatafuta nani alifanya nini kwenye reli.

Leo asubuhi nilikata tamaa. Nilimwambia Mama narudi kazini. Akasema sawa, salimia hospitali. Nikashuka mtoni, si mbali, nyumba yetu inaonekana kutoka bandarini. Rama alikuwa amenitangulia kuongea na mwenye mtumbwi. Wanawake wa samaki walikuwa wamepanga mabeseni yao. Nilikuwa nimeinua mguu mmoja niingie mtumbwini.

Nikaushusha.

Nikageuka kuelekea nyumbani, nikabana midomo, nikapuliza. Ulitoka upepo na mate. Maisha yangu yote nimeitwa kwa mluzi, sijawahi kupiga hata mmoja.

"Dokta iko anaita nyoka!" mwanamke mmoja wa samaki akapiga kelele, na wenzake wakajipiga mapaja kwa kicheko. "Mupishe njia, nyoka ya Dokta inakuja!"

Rama akaficha uso. "Yaya, kesho weye pia utaamka umepindwa."

Nililamba midomo nikapuliza tena. Ukatoka. Mfupi kisha mrefu, wenye mikwaruzo, mbaya, lakini ni ule. Nikapiga tena, kwa nguvu zaidi. Mmoja wa wanawake wa samaki, wa umri wa Mama, akaacha kucheka kabla ya wengine na kusimama na kisu mkononi. Nadhani naye aliwahi kulala msituni.

Mlango wa nyumba yetu ukafunguka.

Mama alitoka kitenge kikiwa begani, uso wazi, bila viatu. Alitembea kama mtu aliyeitwa. Shangazi akatokea nyuma yake akisema maneno ambayo sikuyasikia, na Mama hakugeuka. Najua njia uliyopita mluzi: sikio, neva ya nane, shina la ubongo, miguu. Kitabuni ni mstari mmoja. Kuiona inatembea kuja kwako ni jambo lingine. Alishuka mpaka kwenye maji, akamshika Rama bega, akaingia mtumbwini na kukaa.

Tukaingia mimi na Rama, na mtumbwi ukafika katikati ya mto. Mimi nilikuwa nalia, kwa hasira hasa. Mama aliosha miguu kwa maji ya mto, kisha akasema, herufi zikimtoroka upande wa kulia wa mdomo:

"Umekosea. Sauti ya pili inapanda. Weye umeishusha."

"Mama!"

"Njo maana muntu alichelewa kukuja."

Akajaribu kunionyesha. Alibana midomo na hewa yote ikakimbilia upande ulioanguka, pufff, kama tairi. Rama akaangua kicheko. Mama akashika shavu lile kwa kidole, akalivuta, akajaribu tena, pufff, na mwenye mtumbwi akalazimika kuacha kasia. Mama alicheka kwa nusu ya uso. Ilitosha.

Hospitalini daktari alimtazama paji, mdomo, nyuma ya sikio, akasema nilichosema. Alimulika jicho. Limechubuka, lakini si ndani, litapona likitunzwa. Sukari na presha ni nzuri. Amemeza vidonge vya kwanza mbele yangu. Jicho linapakwa dawa, na akilala tunalifunga kwa plasta. Neva itachukua muda wake.

Tukiwa tunatoka Mama aliniuliza kama nakumbuka ya asubuhi ile ya msituni. Nikamwambia nakumbuka mluzi, na kwamba nilikimbilia kwake, na kwamba mimi na Rama tuko hapa. Zaidi ya hapo sikumbuki. Hakusema kwamba amesamehewa, wala kwamba hakukosa. Alisema joto ni kali, tutafute pa kukaa.

Atakaa hapa chumbani kwangu. Kabla sijafungua ukurasa huu nilimpigia simu Baba Mukubwa. Nilimsalimu inavyostahili, nikauliza afya yake. Nikamwambia Mama amevuka maji, amemeza dawa, na kesho hatakuja kusema neno lolote mbele ya mtu yeyote. Kuku ni wake, amle na watoto. Akauliza nani alimtoa Mama nyumbani.

"Miye," nikasema. "Nilimupigia mluzi."

Nikasikia redio yake ikiongea nyuma. Kisha akakata.

Nimeiweka simu chini. Mama amelala kwa upande wa kushoto, jicho limefungwa.